Lupu ya Efekti Inaposumbua: Mwongozo kwa Mjenzi wa Ampu ya Valvu

Ampu uliyoijenga kwa mikono yako inalia vizuri. Valvu zimepata moto, gitaa limechomekwa, sauti imejaa chumba. Kisha unaunganisha pedali ya dilei kwenye lupu ya efekti na mambo yanaharibika: sauti inafifia, mvumo unaingia, au ampu nzima inanyamaza. Wajenzi wengi hapo hushika pasi ya lehemu na kuanza kubadilisha kapasita moja baada ya nyingine. Subiri kwanza. Lupu ni milango miwili iliyo wazi katikati ya ampu, na fundi anayejua kuitumia hugundua hitilafu nyingi kwa kebo moja tu ya gitaa, kabla hajafungua skrubu. Mwongozo huu unaanza na vipimo visivyogharimu kitu, kisha unakwenda kwenye vile vinavyotaka mita na chasisi iliyofunguliwa. Fuata mpangilio huo.

Hakikisha ni hitilafu kweli

Priampu hupokea sauti ndogo ya gitaa, huikuza na, kwenye ampu nyingi, ndiyo inayotoa distoshani. Sehemu ya nguvu huipa sauti hiyo uwezo wa kusukuma spika. Lupu hukata njia katikati ya sehemu hizo mbili, aghalabu baada ya vidhibiti vya toni na kabla ya valvu inayogeuza fezi. Sauti hutoka kwa jeki iliyoandikwa SEND, hupita kwenye pedali, na kurudi kwa jeki iliyoandikwa RETURN.

Kusudi lake ni kuweka dilei na riverbu baada ya distoshani. Dilei ikitangulia, mwangwi na noti mpya huingia pamoja kwenye distoshani na sauti huwa ya matope. Kwa hiyo jiulize distoshani ya ampu yako inatokea wapi. Kama umejenga nakala ya Fender Deluxe 5E3, sehemu kubwa ya distoshani inatoka kwa kigeuza fezi na valvu za nguvu, yaani baada ya lupu. Ukiikaza ampu hiyo, mwangwi utapasuka tu, hata kila kiungo kikiwa sahihi. Na kama unapiga rumba au soukous kwa sauti safi, dilei iliyowekwa kati ya gitaa na ampu itakutosheleza bila lupu yoyote.

Usalama kabla ya yote

Ndani ya ampu ya valvu mna volti 300 hadi 450 za mkondo mnyoofu, wakati mwingine zaidi. Kapasita za kuchuja huweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Umeme huo unaua.

Zima, chomoa plagi, kisha toa chaji kwenye kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 au zaidi, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri na klipu mwishoni. Klipu moja ishike chasisi, nyingine iguse upande chanya wa kapasita kwa sekunde kumi au zaidi. Kisha pima kwa mita. Usiweke mkono ndani mpaka usomaji ushuke chini ya volti 5. Ukilazimika kupima ampu ikiwa imewashwa, bana waya mweusi wa mita kwenye chasisi, shika ncha nyekundu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uuweke mfukoni.

Mambo mengine mawili hayana mjadala. Usiwashe ampu ya valvu bila spika au rezista ya mzigo yenye omu na wati zinazofaa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Wala usikate waya wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Waya huo ndio unaokukinga siku ambayo umeme wa ukutani utagusa chasisi huku umeshika nyuzi za gitaa.

Hatua ya kwanza: kebo moja fupi

Ondoa pedali zote. Piga gitaa moja kwa moja kwenye ampu, lupu ikiwa tupu, na usikilize. Kisha chukua kebo fupi nzima, ichomeke kutoka SEND hadi RETURN, upige tena.

Kama ampu ilikuwa kimya au ikikatika, na sasa inalia, hitilafu iko kwenye mguso wa swichi ndani ya jeki. Itazame jeki ya RETURN kwa karibu. Ina springi inayoshika ncha ya plagi, na chini yake kuna kipande cha bati kinachoigusa springi hiyo wakati jeki ni tupu. Mguso huo mdogo ndio unaopitisha sauti ya priampu kwenda sehemu ya nguvu pale ambapo hujachomeka kitu. Plagi ikiingia, springi huinuka, mguso huachana, na sauti hulazimika kuzunguka kupitia pedali. Kwa kuwa watu wengi hawaitumii lupu kwa miezi mingi, vumbi na kutu hukaa hapo bila kusuguliwa. Mwambao, kwenye hewa ya chumvi, kutu huja upesi zaidi.

Nyunyiza kidogo dawa ya kusafishia migusano ya umeme, kisha ingiza na utoe plagi mara kadhaa. Usitumie mafuta ya kulainishia vyuma. Huacha utando unaokusanya vumbi. Kama springi imelegea, badilisha jeki yote. Hitilafu hii ni miongoni mwa zinazotokea mara nyingi kuliko zote, na hujifanya valvu mbovu: sauti inakuja na kuondoka, inapungua nguvu, inarudi ukigonga kabati.

Kama ampu inalia vizuri lupu ikiwa tupu, lakini inanyamaza au inafifia ukiweka kebo, basi saketi ya lupu yenyewe ina kasoro, au nyaya za jeki zimefungwa vibaya. Kagua kama ncha na mkono wa jeki havikubadilishana.

Hatua ya pili: gawanya ampu mara mbili

Chomeka gitaa kwenye RETURN moja kwa moja. Usitarajie sauti kubwa, maana umeiruka priampu nzima. Kinachotakiwa ni sauti safi isiyo na mikwaruzo. Ikisikika hivyo, kila kitu kuanzia RETURN hadi spika kinafanya kazi. Kisha, ukishapima SEND kama ilivyoelezwa hapa chini, toa kebo kutoka SEND uipeleke kwenye ingizo la ampu nyingine, voliamu ya ampu hiyo ikiwa chini kabisa kwanza. Ikisikika vizuri, kila kitu kuanzia gitaa hadi SEND ni kizima.

Kwa majaribio hayo mawili umeshajua hitilafu iko upande gani. Ukiendelea mbele bila kujua hilo utafungua ampu nzima kutafuta kasoro ya nusu yake.

Kabla ya kuunganisha SEND na kifaa kingine, weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu na upime ncha ya SEND dhidi ya chasisi. Jibu linatakiwa kuwa sifuri au milivolti chache. Ukikuta volti nzima au zaidi, kapasita ya kuunganisha inavuja na inaweza kuharibu pedali yako. Ibadilishe kwa yenye uwezo wa volti 400 au zaidi, kulingana na volti za ampu yako. Hakikisha pia kuna rezista ya megaomu 1 kutoka ncha ya SEND kwenda ethi, baada ya kapasita hiyo. Bila rezista hiyo, ncha hubaki na chaji, na kila ukichomeka plagi spika hupiga kishindo.

Hatua ya tatu: kiwango cha sauti

Hapa ndipo penye makosa mengi ya usanifu. Priampu ya valvu inaweza kutoa volti kumi, ishirini au zaidi. Pedali ya kawaida hutumia betri ya volti 9 na imetengenezwa kupokea sauti ya gitaa, yaani sehemu ndogo ya volti moja. Vifaa vya studio hufanya kazi kwenye takriban volti 1.2. Ukimwaga volti kumi ndani ya pedali, itapasua sauti hata ampu ikiwa haijakazwa. Ukiipa sauti ndogo mno, mchakacho wake utasikika juu ya muziki.

Pima badala ya kukisia. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, iweke kwenye 400 Hz, na uipeleke kwenye ingizo la ampu kwa kiwango cha takriban volti 0.1, kinachokaribia sauti ya gitaa. Usitumie toni ya juu zaidi, kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husoma vibaya masafa yanapopanda. Badilisha mita kwenye volti za mkondo geu, weka vidhibiti vya ampu pale unapovitumia ukipiga, na upime SEND. Kwa pedali, lenga kati ya volti 0.1 na 0.5. Kwa vifaa vya studio, karibu volti 1.

Kama usomaji uko juu, weka kigawanyo cha volti kabla ya SEND: kilo-omu 100 kwa mfululizo na kilo-omu 10 kwenda ethi hupunguza sauti mara 11, hivyo volti 10 zinakuwa 0.9. Potenshometa inakupa uhuru zaidi.

Kilichopunguzwa lazima kirudishwe, na wajibu huo ni wa valvu ya RETURN. Nusu ya 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, ikiwa na kilo-omu 100 kwenye anodi, kilo-omu 1.5 kwenye kathodi na kapasita sambamba na rezista hiyo ya kathodi, hukuza takriban mara 60. Ukiitoa kapasita ya kathodi hushuka hadi kama mara 30. 12AU7 kwenye nafasi ya namna hiyo hukuza karibu mara 15. Chagua kwa hesabu: kama umepunguza mara 11, ukuzaji wa mara 60 utaongeza kelele na kuzidisha sauti. Lupu iliyopangwa vizuri haibadilishi ukubwa wa sauti unapounganisha SEND na RETURN kwa kebo tupu. Hicho ndicho kipimo cha mwisho cha hatua hii.

Hatua ya nne: sauti imepoteza trebo au besi

Trebo ikipotea, chanzo mara nyingi ni SEND isiyo na nguvu ya kusukuma kebo. Kebo ya gitaa ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Mita sita kwenda na kurudi ni pikofaradi 600. Kama SEND inachukuliwa moja kwa moja kwenye anodi ya 12AX7, ukinzani wake wa kutolea ni karibu kilo-omu 38, na sauti huanza kukatwa kwenye 7,000 Hz hivi. Hapo bado panavumilika. Lakini ukiweka kigawanyo chenye ukinzani wa kilo-omu 100, mkato unashuka hadi karibu 2,650 Hz, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi.

Dawa yake ni kathodi folowa: nusu ya valvu ambayo sauti hutolewa kwenye kathodi badala ya anodi. Ukinzani wake wa kutolea ni mamia ya omu tu, na kebo ndefu haiisumbui. Ndiyo njia iliyotumika katika Dumbleator, kisanduku cha lupu cha Howard Dumble ambacho wajenzi wengi wamekinakili. Kigawanyo kikiwekwa baada ya kathodi folowa, kiwe cha omu ndogo, kama ule mfano wa 100 na 10.

Besi ikipotea, angalia kapasita ya SEND. Kapasita ya 22 nF inatosha kabisa pedali yenye ingizo la megaomu 1, kwani mkato wake ni 7 Hz. Unganisha kifaa cha studio chenye ingizo la kilo-omu 10 na mkato unaruka hadi 720 Hz. Karibu besi yote inakwenda. Weka mikrofaradi 1, na mkato utashuka hadi 16 Hz.

Hatua ya tano: mvumo

Sikiliza aina ya mvumo. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa 50 Hz. Mvumo mzito na laini wa 50 Hz hutoka kwa nyaya za hita, transfoma iliyo karibu, au ethi iliyozunguka. Mvumo mkali zaidi wa 100 Hz hutoka kwa umeme mnyoofu usiochujwa vya kutosha. Ukiwa Marekani, namba hizo ni 60 na 120.

Tengeneza plagi ya kupimia: plagi tupu ambayo ncha na mkono wake vimeunganishwa kwa lehemu. Iingize kwenye RETURN. Mvumo ukinyamaza, chanzo kiko kabla ya hapo. Ukibaki, chanzo kiko kwenye valvu ya RETURN au mbele yake.

Kama mvumo huja tu ukiunganisha pedali, jaribu pedali ikiwa na betri. Ukiisha, adapta ndiyo mbaya, au adapta moja inalisha pedali za lupu na zile za mbele ya ampu kwa pamoja, na hivyo kufunga mzunguko wa ethi. Tumia adapta yenye matoleo yaliyotengana.

Kama mvumo unabaki hata kwa betri, fungua chasisi. Jeki za chuma zilizokazwa kwenye bati la nyuma hugusa ethi hapo hapo, na waya uliofunikwa hurudi ethi mahali pengine: mzunguko umekamilika. Weka jeki za plastiki, kisha peleka ethi ya SEND na RETURN kwenye kapasita ya kuchuja inayolisha valvu za lupu. Kifuniko cha waya kifungwe ethi upande mmoja tu.

Hatua ya sita: mluzi na mchachatiko

Ampu ikipiga mluzi unapokaza voliamu, sauti ya mbele inarudi nyuma kupitia hewa kati ya nyaya. Kumbuka kwamba valvu ya RETURN hugeuza fezi. Ampu iliyokuwa tulivu kabla ya kuongezewa lupu inaweza kuanza mluzi, kwa sababu kilichokuwa kikirudi kinyume sasa kinarudi kwa kusaidiana. Zima, toa chaji, sogeza nyaya za RETURN mbali na zile za ingizo na za transfoma ya kutolea, kisha lehemu rezista ya kilo-omu 10 hadi 68 kwenye pini yenyewe ya gridi ya RETURN. Ikikaa mbali na pini haisaidii sana.

Mchachatiko unaobaki hata jeki zikiwa safi unahitaji mita. Kwa valvu ya RETURN tuliyoitaja, yenye volti 300 za kuilisha, tarajia takriban volti 200 kwenye anodi na 1.5 kwenye kathodi. Anodi ikisoma 300 na kathodi sifuri, valvu haipitishi mkondo: angalia hita na soketi. Anodi ikisoma karibu sifuri, rezista ya anodi imekatika. Gridi ikisoma nusu volti au zaidi, kapasita inayotangulia inavuja.

Kathodi folowa ina hatari yake. Kathodi yake hukaa juu, mara nyingi zaidi ya volti 100, huku hita ikiwa karibu na sifuri. Philips waliiwekea ECC83 kikomo cha volti 180 kati ya kathodi na hita. Ukikikaribia, tarajia mchachatiko, mvumo, na valvu kufa mapema. Inua hita kwa volti 40 hadi 60 kupitia kigawanyo kutoka kwenye umeme mnyoofu mkuu wa ampu.

Kama lupu yako ni sambamba

Katika lupu sambamba sauti kavu, yaani isiyopita kwenye pedali, huendelea na safari yake, na ya pedali huongezwa juu yake. Weka dilei itoe mwangwi peke yake, bila sauti kavu. Kisha unganisha SEND na RETURN kwa kebo tupu, uweke kidhibiti cha mchanganyo katikati. Sauti ikiwa nyembamba au ikitoweka, njia mbili zinapingana kwa fezi: moja imegeuzwa mara nyingi kuliko nyingine. Hakuna kapasita itakayotibu hilo. Chukua sauti kavu kwenye hatua nyingine ya saketi, au ifanye lupu iwe ya mfululizo, ambapo sauti yote hupita kwenye pedali. Kwa mjenzi wa mara ya kwanza, lupu ya mfululizo ndiyo bora.

Andika vipimo vyako

Ukimaliza, andika kwenye karatasi volti za kila pini, kiwango cha SEND kwa toni ya 400 Hz, na thamani za rezista na kapasita ulizozitumia. Karatasi hiyo ibandike ndani ya kabati, mbali na valvu. Siku lupu itakaposumbua tena, anza na kebo fupi, kisha linganisha vipimo vipya na vile vya karatasi. Usibadilishe kiungo hata kimoja kabla mita haijakuonyesha kuwa ndicho kibovu.